Wi-Fi ku Kasapa na mu biro za Lubumbashi: nani atalipa, na kuran ikienda itakuwaje?

"Rezo iko, lakini mega haiko." Ku Kasapa, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, maneno hayo hayahitaji maelezo. Simu inaonyesha rezo nzuri, mwalimu ametuma silabi kwenye kikundi cha WhatsApp, lakini mega za mwanafunzi zimeisha tangu jana usiku. Mjini, mu biro za serkali na za makampuni madogo, mambo yanafanana. Karani anatuma barua ya kazi kwa simu yake, kwa mega alizonunua na mshahara wake mwenyewe. Kazi ni ya biro, lakini mwenye kulipa ni karani.

Ndiyo sababu ahadi yoyote ya kuweka intaneti bila waya mu vyuo na mu biro inapokelewa kwa furaha. Na leo ahadi hizo ni rahisi kutoa kuliko zamani. Fibre imefika Lubumbashi. Makampuni ya simu yanauza 4G tangu 2018. Mwezi wa Mei 2025, ARPTC, shirika linalosimamia posta na mawasiliano Kongo, ilitangaza kwamba Starlink imepata ruhusa ya kufanya kazi nchini, wakati mwaka mmoja tu mbele, 2024, shirika hilo hilo lilikuwa limekumbusha raia kwamba kutumia vifaa vya Starlink bila ruhusa ni kuvunja sheria. Kununua sahani, kuipandisha juu ya bati na kusema "sasa tuko na Wi-Fi" ni kazi ya siku moja.

Kazi ngumu inaanza siku ya pili. Wi-Fi inaitwa "bila waya," lakini waya haiko kwenye mita chache za mwisho tu, kati ya kifaa cha ukutani na simu ya mtu. Nyuma ya kifaa hicho kuna waya ya fibre au sahani ya setelaiti, kuna waya ya SNEL, na kuna mkataba ambao mtu anapaswa kulipa kila mwezi. Kimoja kikikatika, mwanafunzi anarudi kununua mega. Na kama amekwisha kulipishwa ada ya intaneti pamoja na minervali, analipa mara mbili.

Kutoka foni mpaka Wi-Fi

Lubumbashi haianzi leo na mawasiliano bila waya. Kuanzia 1911, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, Wabelgiji walijenga mstari wa vituo vya telegrafu bila waya vilivyopokezana ujumbe toka pwani ya Atlantiki, kufuata mto, mpaka Katanga. Kazi hiyo iliongozwa na Robert Goldschmidt, kwa msaada wa Mfalme Albert I. Sababu ilikuwa rahisi kuelewa. Kuvuta waya mu pori na kuilinda ilikuwa kazi isiyoisha. Lakini hata telegrafu hiyo ilihitaji mlingoti, injini ya kutoa umeme na watu wa kuitunza mu kila kituo. Kituo kimoja kikilala, ujumbe ulisimama.

Miaka mingi baadaye, wakati simu za nyumba za serkali zilikuwa zimekufa karibu kila mahali, watu wazima wa Katanga, Kivu na Maniema wanakumbuka foni, redio ya mawimbi mafupi ya paroisi, ya shirika au ya mfanyabiashara. Ulipanga saa na ndugu wa Kalemie au Bukavu, ukaja kukaa kwenye benchi, ukazungumza habari za familia mbele ya watu wote. Foni nayo iliishi kwa batri na kwa jenereta. Mu 1986 kampuni ya Telecel, ya Miko Rwayitare, ilianzisha simu za mkononi Kinshasa, kati ya za kwanza kabisa Afrika, lakini zilikuwa simu za matajiri na wakubwa. Raia wa kawaida alipata simu yake mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na Celtel na Vodacom.

Wi-Fi yenyewe ina mizizi ku chuo kikuu. Mu 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii, Marekani, kilikuwa na majengo kwenye visiwa mbalimbali, na kuvuta waya chini ya bahari kulikuwa ghali mno. Profesa Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta zao kwa redio, na kutengeneza kanuni ya kuwezesha watu wengi kutumia wimbi moja pamoja. Wazo hilo liliendelea kukua mpaka kanuni za Wi-Fi zilipoandikwa mu 1997. Jina Wi-Fi likaja 1999.

Jambo moja halikubadilika toka Hawaii mpaka Kasapa. Wimbi ni la kugawana. Wakiwa watu wengi, kila mmoja anapata kidogo. Na ukuta mnene wa matofali, kama zile za majengo ya zamani ya Lubumbashi, au paa na kuta za bati, vinapunguza nguvu ya wimbi. Kifaa kimoja kwenye biro ya mkubwa hakiwezi kuhudumia ukumbi wa masomo ulio nyuma ya kuta tatu. Chuo kinahitaji vifaa vingi, vilivyopangwa na mtu anayejua kazi, la sivyo Wi-Fi itabaki kwenye jengo la utawala, na wanafunzi watakuja kusimama nje ya dirisha usiku, simu mkononi, mu mji ambamo wezi wa simu wanajulikana vizuri.

Waya ya kwanza: fibre inatoka wapi?

Mpaka 2013, karibu intaneti yote ya Kongo ilipita mu setelaiti, polepole na kwa bei ya juu. Mwaka huo nchi ilifungua kituo chake cha Muanda kwenye kebo ya WACS, inayopita chini ya Atlantiki. Lakini toka Muanda mpaka Lubumbashi kuna zaidi ya kilomita 1,700 kwa mstari ulionyooka. Kwa Haut-Katanga, mlango ulio karibu uko upande mwingine, Kasumbalesa, kilomita kama 90 toka mjini. Ni mlango ule ule ambao unga wa mahindi unaingilia na shaba inatokea. Kampuni ya Liquid ilipitisha fibre hapo ikitoka Zambia, na mu 2021 ilitangaza pamoja na Facebook kazi ya kujenga kama kilomita 2,000 za fibre ndani ya Kongo.

Kwa chuo au biro, kuwa na njia mbili ni jambo la maana. Lori likigonga nguzo, wafanyakazi wa barabara wakikata kebo na jembe, njia ya pili inabeba mzigo. Hapa ndipo sahani ya setelaiti inaweza kusaidia kweli, kama njia ya pili ya biro, au kama njia ya kwanza ya shule ya mbali, Kasenga au Pweto, pahali fibre haitafika kesho. Lakini sahani ya kifurushi cha nyumba haikutengenezwa kwa kubeba wanafunzi mia nyingi kwa mara moja.

Kuna jambo lingine ambalo wakaaji wengi hawalisikii, na ni zuri. Lubumbashi ina LUBIX, mahali ambapo makampuni ya intaneti yanabadilishana data hapa hapa, bila kuzipeleka kwanza Ulaya au Afrika ya Kusini. Kinshasa ina KINIX, na Goma ina GOMIX. Zote zinatunzwa na ISPA-DRC, chama cha wenye kutoa intaneti. Bila mahali kama hapo, barua pepe toka Kasapa kwenda biro ya katikati ya mji inaweza kuzunguka mabara mawili ili kuvuka kilomita chache, na safari hiyo inalipwa kwa dola.

Chuo pia kinaweza kufanya jambo ambalo haliombi intaneti ya nje hata kidogo. Kompyuta moja yenye nguvu, ndani ya chuo, inaweza kubeba silabi zote, mitihani ya miaka iliyopita, vitabu vya bure na hata Wikipedia nzima kwa programu ya Kiwix. Mwanafunzi anaunganisha simu kwenye Wi-Fi ya chuo na kusoma, bila mega moja kutoka nje. Toka Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi, serkali ilifunga intaneti nchi nzima kwa karibu juma tatu. Maktaba ya ndani ya namna hiyo inaendelea kufanya kazi hata siku kama zile. Vyuo vinavyofundisha mambo ya kompyuta Lubumbashi, kama ESIS Salama, vina vijana wanaoweza kuijenga. Kinachozuia mara nyingi si ujuzi. Kuna walimu ambao wanaishi kwa kuuza silabi za karatasi, na silabi ya bure kwenye Wi-Fi inagusa mfuko wao. Mazungumzo hayo yanapaswa kufanywa waziwazi, pamoja na suala la mishahara ya walimu.

Waya ya pili: kuran

Hakuna mkaaji wa Lubumbashi ambaye anahitaji kufundishwa neno delestaji. Jimbo liko kati ya migodi ambayo inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini ya kutengeneza batri za simu na za magari ya umeme. Migodi hiyo hiyo inakula umeme mwingi. Mitambo ya zamani ya Katanga, kama Mwadingusha kwenye mto Lufira, na mstari mrefu unaoleta umeme wa Inga, haitoshi kwa migodi na mitaa pamoja. Sehemu ya umeme inanunuliwa nje, na wakati ukame mkali ulipopiga Zambia mu 2024, mlango huo nao ulipungua.

Wi-Fi ya chuo inakutana na ukweli huo kila siku. Simu ya mwanafunzi ina batri yake, lakini kifaa cha ukutani hakina. Kuran ikienda, Wi-Fi inakufa sekunde ile ile, hata kama fibre iko nzima.

Hesabu yake si ngumu. Kifaa kimoja cha Wi-Fi kinakula kama wati 10. Vifaa 10 ni wati 100. Ongeza mashine ya kuvigawia mstari, ruta na sahani, ambayo peke yake inaweza kula wati 50 mpaka 100, utafika karibu wati 250. Delestaji ya masaa 8 inaomba basi wati-saa 2,000. Batri moja ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba wati-saa 2,400, lakini ile ya risasi haipendi kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa haraka. Kwa hiyo zinahitajika mbili, pamoja na paneli za jua za kuzijaza.

Hiyo ni gharama ambayo chuo kinaweza kuimudu, ndogo kuliko jenereta inayokunywa mafuta kila siku. Lakini mara nyingi haiko kwenye karatasi ya mradi. Karatasi inaandika antena, inaandika ruta, inaandika sherehe ya kukata utepe. Batri itabadilishwa na nani baada ya miaka mitatu, haiandikwi. Miradi mingi ya kompyuta mu shule za Afrika ilikufa namna hiyo, vifaa vikiwa bado vizima, vimefunikwa na kitambaa.

Waya ya tatu: pesa na mkataba

Hapa ndipo jambo linamgusa mzazi wa Katuba, wa Kenya au wa Ruashi ambaye anauza makala au unga ili mtoto asome.

Wakongomani wana kumbukumbu mbaya ya kulipia teknolojia bila kuona huduma. Mu 2020 serkali ilianzisha RAM, daftari la simu za mkononi. Simu ya 2G ilikatwa dola 1 kwa mwaka, ya 3G au 4G dola 7, na pesa zilichukuliwa kidogo kidogo kwenye inite za mtu. Raia waliuliza huduma gani wanapata. Wabunge waliuliza pesa zinaenda wapi. Mashirika ya raia na vijana walipinga, mpaka kodi hiyo ikaondolewa mu 2022. Hasira haikutoka kwenye dola 7 peke yake. Ilitoka kwenye kukatwa kwanza na kujibiwa baadaye, au kutojibiwa.

Ada ya intaneti mu vyuo inaweza kufuata njia ile ile. Chukulia chuo chenye wanafunzi 5,000, na mkataba wa intaneti wa dola 1,500 kwa mwezi. Huo ni mfano wa kufanyia hesabu, si bei ya kampuni fulani. Kila mwanafunzi akichangia, ni senti 30 kwa mwezi, yaani dola 3 kwa miezi 10 ya masomo. Kama chuo kinaomba dola 10, kinakusanya dola 50,000 wakati mkataba unaomba 15,000. Zile 35,000 zinazobaki zinaweza kuwa halali kabisa kama ni batri, vifaa, mshahara wa fundi, matengenezo. Lakini lazima ziandikwe na kubandikwa ukutani, pahali komite ya wanafunzi na wazazi wanaweza kuzisoma.

Upande wa pili wa hesabu ni kiasi cha mstari. Mkataba wa megabiti 100 kwa sekunde unasikika kuwa mkubwa. Wakiwa watu 500 kwa saa moja, kila mmoja anabaki na sehemu moja ya tano ya megabiti. Makala ya masomo yenye uzito wa megabaiti 2 itachukua sekunde kama 80 kufika. Inawezekana kusoma hivyo. Lakini watu 33 wakifungua video ya megabiti 3, wamemaliza mstari wote, na wengine 467 wanatazama duara linalozunguka. Kwa hiyo chuo kinapaswa kuamua nini kinapita kwanza, masomo au video za muziki, na uamuzi huo uwe wa wazi. Pasipo kanuni, mwenye simu kubwa na haya kidogo ndiye anashinda.

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu mfumo wa LMD ulipoingizwa mu vyuo vyote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. LMD inaomba mwanafunzi atafute na kusoma mwenyewe, si kurudia tu maneno ya mwalimu. Kumwomba afanye utafiti bila kumpa maktaba wala intaneti ni kumpa mzigo na kumnyima njia. Mwenye wazazi wenye uwezo atanunua mega. Mwenzake atanakili.

Mu biro: neno la siri kwenye ukuta

Biro nazo zina shida yao. Sahani au ruta inawekwa, neno la siri linaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa karibu na mlango. Mgeni anaunganisha, mlinzi anaunganisha, duka la jirani linaunganisha. Baada ya mwezi mmoja, kompyuta ya muhasibu iko kwenye mtandao mmoja na simu za watu ambao hakuna anayewajua.

Mu Machi 2023 Kongo ilipata Kode ya Numeriki, sheria nambari 23/010. Inaomba wenye kukusanya habari za watu wazilinde, na inaadhibu makosa ya mtandao. Biro inayopokea vitambulisho, nambari za simu na malipo ya raia haiwezi tena kusema kwamba Wi-Fi ni jambo la fundi peke yake. Dawa si ghali. Mtandao wa wageni utengwe na ule wa kazi. Kila mfanyakazi awe na jina na neno lake la siri, ili akiacha kazi, ufunguo wake ufungwe bila kubadilisha wa wote. Mtu mmoja awe na jukumu, kwa jina, la kusasisha vifaa.

Jambo lingine la biro ni haki ya raia. Huduma za serkali zinasogea polepole kwenda kwenye kompyuta, toka forodha mpaka kodi. Hiyo inaweza kupunguza foleni na mikono inayoomba "kitu kidogo." Lakini kama rezo ikianguka na karatasi imekwisha kukataliwa, raia anaambiwa tu "rezo haiko, urudi kesho." Dereva anayengoja Kasumbalesa anapoteza siku. Mama aliyetoka Kipushi anapoteza pesa za gari. Biro inayoingia mu intaneti inahitaji kuandika mapema itafanya nini wakati intaneti imekatika, ili "rezo haiko" isigeuke mlango mpya wa kuomba pesa.

Majirani wanafanya namna gani?

Vyuo vya Afrika mashariki na kusini vimekwisha kujifunza kwamba kila chuo kununua intaneti peke yake ni kununua rejareja. Kenya ina KENET, Uganda ina RENU, Zambia ina ZAMREN. Ni vyama ambamo vyuo vinaweka nguvu pamoja, vinanunua mstari mkubwa kwa jumla na kugawana. Vyama hivyo vimeungana mu UbuntuNet Alliance, yenye makao Lilongwe, Malawi. Vyuo vingi vya Uganda na Kenya vinatumia pia eduroam, mpango uliozaliwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanafunzi anatumia jina na neno la siri la chuo chake, na akitembelea chuo kingine chenye mpango huo, simu yake inaunganisha yenyewe. Hakuna karatasi mlangoni.

Kongo nayo ina chama cha namna hiyo, Eb@le, mwanachama wa UbuntuNet. Jina lake linatoka ku Lingala, ebale, mto. Lakini nchi ni kubwa mno, na njia toka Kinshasa kuja mashariki bado ni ndefu na ghali. Hapa Lubumbashi ina nafasi ambayo miji mingi haina. Chuo Kikuu cha Copperbelt, Kitwe, kiko ng'ambo tu ya mpaka, upande wa ZAMREN, na fibre inapita kwenye mpaka huo. UNILU, ISP, ESIS Salama na vyuo vingine vya mji vikikaa kwenye meza moja, vinaweza kuomba bei ya pamoja ambayo hakuna chuo kimoja kinaweza kuipata peke yake. Kwa shule za pembeni, sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 iliweka FDSU, mfuko wa kupeleka mawasiliano pahali ambapo makampuni hayaoni faida. Wabunge wa jimbo wana haki ya kuuliza mfuko huo umefanya nini Haut-Katanga.

Kwa wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika

Mambo haya si ya Lubumbashi peke yake. Kuran ya Bukavu inatoka Ruzizi, mitaa mingi ya Goma iliunganishwa na Virunga Energies, Kalemie na Kindu zina shida zao, na vita imeongeza ugumu ambao Lubumbashi haiujui leo. Lakini kila chuo, hospitali, paroisi au biro inayofikiria Wi-Fi inakutana na nyaya tatu zile zile.

Kabla ya kulipa ada, wanafunzi, wazazi na wafanyakazi wanaweza kuomba majibu ya maswali machache, kwa maandishi. Mkataba ni wa kampuni gani, wa megabiti ngapi na wa bei gani kwa mwezi? Njia ya pili iko, kama ya kwanza ikikatika? Kuran ikienda, Wi-Fi itabaki masaa mangapi? Batri itabadilishwa na pesa ya nani? Vifaa viko vingapi, na vinafika mu kumbi za masomo na mu home za wanafunzi, au kwenye jengo la utawala tu? Fundi ni nani, na anapatikana siku gani? Ada ikikusanywa na huduma ikikosa mwezi mzima, pesa inarudishwa namna gani?

Mkubwa wa chuo au wa biro ambaye amejipanga vizuri hatachoka kujibu. Majibu yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo unaweza kubandikwa pale pale ambapo orodha ya minervali inabandikwa mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo.